Japani wanajua nani alifua upanga. Sisi tunajua nani alifua kisu?

Juma lililopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, nilisoma habari fupi juu ya upanga mmoja wa Japani. Ni upanga wa zaidi ya miaka 700, na unaitwa Sanchomo. Mwaka 2020 mji mdogo wa Setouchi, katika jimbo la Okayama, uliununua kwa yeni milioni 500, ni kusema zaidi ya dola milioni 4 za Marekani. Habari yenyewe haikufika dakika mbili. Nikaendelea na bei ya muhogo na hali ya barabara.

Wakati natoka, kijana anayeuza yunite mbele ya lango la redio akanisimamisha.

"Mukubwa, ile hesabu ulisoma ni ya kweli ao uliongeza zero? Ni chuma gani inaweza lipwa feza ya vile? Na hata mti hawakate nayo!"

Nikamjibu haraka haraka kwamba ni kitu cha zamani, na watu wenye feza wanapenda vitu vya zamani. Tukacheka, nikaenda. Lakini njiani nikaona kwamba nimemdanganya. Uzee peke yake hauleti bei. Jembe la nyanya yangu nalo ni la zamani, limelala nyuma ya jiko, na hakuna aliyekuja kuliuliza. Kwa hiyo leo namjibu vizuri, yeye na wasomaji wengine, halafu nitasema jambo linaloniuma.

Maoni yangu ni haya: katika upanga wa Japani watu hawalipii chuma. Wanalipia jina la fundi, mikono ya watu wengi iliyopita juu ya chuma hicho, na karatasi inayoshuhudia hayo yote. Pahali ambapo jina limepotea, bei nayo inapotea, na heshima inafuata njia hiyo hiyo.

Kazi inaanzia kwenye mchanga

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu kijana wa yunite alidhani ni chuma kama chuma kingine.

Katika milima ya Okuizumo, jimbo la Shimane, kuna tanuru la udongo linaloitwa tatara. Linawashwa wakati wa baridi. Kwa siku tatu, usiku na mchana, mafundi wanamwaga ndani mchanga wenye chuma na makaa ya miti, kidogo kidogo, bila kulala pamoja. Mchanga unafika karibu tani 10, makaa karibu tani 12. Mwishoni wanabomoa tanuru lote, na ndani linatoka bonge moja kubwa la chuma lenye uzito wa tani 2 na nusu hivi. Katika bonge hilo, sehemu iliyo chini ya nusu tu ndiyo chuma bora kinachoitwa tamahagane.

Tanuru la namna hiyo lilizimika kisha Vita ya Pili ya Dunia. Chama cha kulinda sanaa ya panga za Japani, kilichoundwa mwaka 1948, ndicho kilichoifufua kazi hiyo mwaka 1977, kwa sababu wafua panga walikuwa wanaelekea kukosa chuma. Leo tamahagane inagawiwa kwa mafundi wenye ruhusa.

Fundi akipokea vipande vyake, anavivunja na kuvichagua kwa jicho: hiki kigumu, hiki laini. Anavipanga, anavipasha moto, anavipiga hadi viwe kitu kimoja. Kisha anakikata katikati, anakikunja juu yake mwenyewe, anakipiga tena. Anarudia mara kumi, wakati mwingine hata kumi na tano. Hesabu mwenyewe: ukikunja mara 10 unapata tabaka 1,024. Si urembo tu. Kukunja kunatoa uchafu na kunasawazisha ugumu wa chuma. Halafu mafundi wengi wanafunika chuma laini kwa chuma kigumu: ndani laini ili upanga usivunjike, nje kigumu ili makali yakae.

Inabaki hatua ya kuogopesha. Fundi anapaka udongo juu ya upanga, mwingi mgongoni, kidogo sana kwenye makali. Anazima taa za karakana ili aone vizuri rangi ya moto. Upanga ukifika rangi anayoijua yeye, anauzamisha ndani ya maji. Makali yanapoa mara moja na kuwa magumu. Mgongo unapoa polepole na kubaki na ulaini. Ni hapo upanga unapojikunja na kupata umbo lile tunaloliona kwenye filamu. Ni hapo pia unapopasuka, kama bahati haiko. Kazi ya majuma mengi inaweza kufa ndani ya maji kwa sekunde moja, na hakuna dawa.

Ukitoka majini bado haujaisha. Unaenda kwa mtu mwingine ambaye kazi yake ni kunoa na kung'arisha tu, kwa mawe ya aina mbalimbali, siku nyingi. Mwingine anatengeneza pete inayoshika upanga ndani ya ala. Mwingine anachonga ala kwa mti. Mwingine anafunga uzi kwenye mpini. Kila mmoja alijifunza kazi yake miaka mingi. Kwa hiyo anayenunua upanga mmoja mpya wa Kijapani analisha nyumba zaidi ya moja.

Jina liko kwenye mkia

Sasa sikiliza hili. Sehemu ya upanga inayoingia ndani ya mpini, ile isiyoonekana, ndiyo mtoza panga anaitazama kwa hamu. Hapo fundi anachonga jina lake kwa patasi. Mara nyingi anaongeza jina la mahali, na tarehe. Desturi hiyo ina karibu miaka elfu moja. Hata kutu ya hapo haifutwi, kwa sababu rangi ya kutu inasema umri. Mtu anayesugua kutu ile akidhani anasafisha, anaharibu ushahidi na bei pamoja.

Na kama hakuna jina? Sanchomo yenyewe haina sahihi. Fundi wake alinyamaza. Lakini wajuzi wanasema bila wasiwasi kwamba ni kazi ya wafuaji wa Ichimonji, wa inchi ya zamani ya Bizen. Wanajuaje? Kwa sababu panga zingine za ukoo huo zipo, zenye majina, na maandishi juu yao yalitunzwa. Wanalinganisha umbo, chuma, na ule mstari mweupe wa makali unaofanana na mawimbi. Wenye majina wanamtambulisha asiye na jina. Zaidi ya hayo wanajua upanga huo ulipita mikononi mwa Uesugi Kenshin, mkuu wa vita wa miaka ya 1500.

Ndiyo maana miji miwili iliutamani. Joetsu, mji wa sehemu alikotawala Uesugi, ulitenga yeni milioni 320, lakini haukuelewana na mwenye upanga. Setouchi, ambako kuna Osafune, kijiji kikubwa cha wafua panga wa zamani, ukaomba michango kwa watu wa Japani nzima na ukafaulu. Mji ulirudisha nyumbani kazi ya mababu zake. Leo Osafune kuna nyumba ya makumbusho ya panga, na mafundi wanafanya kazi pale pale mbele ya wageni.

Wadanganyifu nao wapo, tena tangu zamani. Jina la fundi mkubwa linachongwa kwenye upanga wa fundi mdogo. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1500 na 1600, familia ya Hon'ami ilikuwa inatoa karatasi ya uthibitisho, iliyokunjwa, na hadi leo Wajapani wakitaka kusema mtu ao kitu ni cha kuaminika kabisa wanasema "ana karatasi iliyokunjwa". Siku hizi kile chama cha 1948 ndicho kinachopima panga na kuzipa vyeti vya ngazi mbalimbali. Mtoza panga mwenye akili anaangalia upanga kwanza, lakini hanunui bila kusoma karatasi.

Silaha iliyookolewa kwa sheria

Msidhani Japani ilipenda panga zake bila matatizo. Mwaka 1876 serikali yenyewe ilikataza watu kuvaa panga hadharani. Wafuaji wengi walibaki bila kazi, wengine wakahamia kwenye visu vya jiko na vyombo vya kulimia. Halafu mwaka 1945, kisha kushindwa vita, jeshi la Marekani liliamuru silaha zote zikusanywe, panga pamoja. Nyingi ziliharibiwa, nyingi zilibebwa na askari kama kumbukumbu. Mjuzi mmoja, Homma Junji, pamoja na wenzake, walienda kuwaeleza maofisa wa Marekani kwamba upanga wa fundi si sawa na bunduki, ni kazi ya sanaa. Walisikilizwa, na panga nyingi zikapona.

Kutoka hapo Japani ikachagua njia yake. Silaha tu haina haki ya kukaa nyumbani kwa raia. Kazi ya sanaa inayo. Kila upanga uliofuliwa kwa desturi unaandikishwa na kupewa karatasi, na karatasi inafuata upanga, haifuati mtu. Upanga wa vita uliotengenezwa kwa chuma cha kiwanda hauandikishwi. Ukipatikana Japani, unaharibiwa. Anayetaka kuwa mfua panga lazima ajifunze angalau miaka 5 kwa fundi mwenye ruhusa, kisha apite majaribio ya ofisi ya serikali inayosimamia utamaduni. Na akishapata ruhusa, haruhusiwi kufua zaidi ya panga ndefu 2 kwa mwezi, ao fupi 3.

Mbili kwa mwezi! Kwetu fundi akiambiwa hivyo angedhani serikali inataka kumuua. Lakini maana yake ni kwamba kila upanga uwe kazi ya kweli, isiwe bidhaa ya kujaza soko.

Hata Uingereza ilifuata mawazo hayo. Mwaka 2008 ilikataza kuuza panga zilizopinda zenye urefu wa kupita sentimita 50, kwa sababu wahalifu walikuwa wanatumia zile za bei rahisi. Lakini ikaacha mlango kwa zile zilizofuliwa kwa mkono kwa njia za desturi. Sheria ilitenganisha fundi na kiwanda.

Pahali ninapopinga

Nikisema haya, sisemi Japani ni peponi. Naona kosa moja kubwa: mpango wao unalinda upanga kuliko unavyomlinda mfuaji.

Miaka 5 ya kujifunza, mara nyingi inapita bila mshahara. Nani mtoto wa maskini ataweza? Akipata ruhusa, lazima anunue chuma, makaa, vyombo, alipe mng'arishaji na fundi wa ala, ndipo apate upanga wa kuuza. Na akiufikisha sokoni, watoza wengi wanamwambia: uzuri upo, lakini sisi tunataka wa miaka 400. Marehemu anauza kuliko aliye hai. Matokeo ni kwamba wafuaji wanapungua na kuzeeka, na wanaoishi kwa upanga peke yake ni wachache. Wengine wanafua visu vya jiko ili watoto wale.

Kwa hiyo kwangu mtoza panga wa kweli ni yule ambaye, kati ya panga zake za zamani, ana hata mmoja wa fundi anayepumua. Akinunua kwa marehemu tu, anakula matunda bila kumwagilia mti.

Na kuna watoza wa aina mbili, tumeona. Mwanzoni mwa 1946, upanga unaoitwa Honjo Masamune, hazina ya taifa, ulichukuliwa kutoka kituo cha polisi cha Tokyo ambako familia ya Tokugawa iliukabidhi. Aliyeuchukua alisemwa ni askari wa Marekani. Hadi leo haujaonekana. Labda uko ukutani kwa mtu asiyejua ni nini. Lakini kuna pia Mmarekani Walter Compton, mkuu wa kampuni ya dawa huko Indiana. Aliununua upanga wa fundi Kunimune, halafu akagundua ni hazina iliyopotea ya hekalu la Terukuni, mji wa Kagoshima. Mwaka 1963 akaurudisha, bila kudai malipo. Alijua mahali pa kuurudisha kwa sababu jina lilikuwepo na maandishi yalikuwepo.

Na kisu cha babu yangu?

Hapa ndipo panaponiuma.

Babu yangu, baba ya mama, alikuwa mfua chuma Kaziba, wilaya ya Walungu, ambako watu wamefua majembe na visu tangu mababu. Alipokufa aliacha nyundo, kisu kimoja chenye ala ya mti, na bangili mbili. Nilikuwa mtoto wakati mgeni mmoja, mnunuzi wa vitu vya desturi, alipofika kwa nyanya. Aliacha mfuko wa unga na kitenge kimoja, akabeba kisu na bangili. Nyanya alifurahi, kulikuwa njaa. Simlaumu. Lakini mgeni yule aliuliza bei, hakuuliza jina. Kama kisu hicho kingali duniani, basi kiko ndani ya kabati la mtu ng'ambo, na chini yake pameandikwa: "Kivu, fundi hajulikani."

Hajulikani kwa nani? Sisi tunamjua, na jina la baba yake tunalijua.

Na si sisi peke yetu. Wafua chuma wa inchi hii hawakuwa watu wadogo. Simulizi za Waluba zinasema elimu ya kufua vizuri ilifika pamoja na ukoo wa wafalme wao. Sanamu ya mfalme mmoja wa Wakuba ina fuawe mbele yake, ni kusema alitaka kukumbukwa kama mfua chuma. Visu vya Wakuba na shoka za Waluba zimejaa kwenye makumbusho ya Ulaya, Tervuren kule Ubelgiji ikiwa ya kwanza, na watoza wanazilipia vizuri. Kabila limeandikwa. Jina la mikono iliyofua, karibu kila mara halipo. Kwa hiyo hata tukitaka kufanya kama Setouchi, kurudisha kazi ya mababu, tutaanzia wapi? Hatuna zenye majina za kuzitambulisha zisizo na majina.

Wengine wataniambia: wewe mwandishi, watu wanakimbia vita, unatuletea mambo ya panga. Nawaelewa. Na katika jimbo letu, ukitaja panga watu wanakumbuka mabaya, si sanaa. Lakini sisemi tufue silaha. Sisemi pia serikali itunge sheria kama ya Japani. Sheria tunazo nyingi, zimelala. Nasema jambo lisilohitaji ministere wala msaada kutoka nje.

Kwanza, mfua chuma atie alama yake. Hata herufi mbili kwenye jembe, upande unaoingia kwenye mpini. Haigharimu franga.

Pili, anayenunua kisu ao kengele ya desturi aandike jina la fundi, kijiji na mwaka, na aweke karatasi pamoja na kitu. Wageni wa mashirika wanaopenda kubeba zawadi, ninyi pia.

Tatu, sisi wa redio tuwarekodi wazee hawa wakingali na sauti. Mimi nimeanza.

Siku ya posho nilienda kwa mzee mmoja anayefua majembe kwa resori za magari makuukuu. Nilimsalimu, nikakaa, nikamtazama akipiga. Kisha nikatoa kalamu nikasema: "Mzee, naomba jina lako kamili."

Akaweka nyundo chini. "Mwanangu, jina langu la nini? Nimefanya kosa gani?"

Ndugu wasomaji, hapo niliona tulipofika. Mzee amefua miaka zaidi ya arobaini, na anayemuuliza jina hadi leo ni mtu wa kodi ao polisi tu. Nikamweleza habari ya watu wa Japani wanaochonga majina kwenye mkia wa upanga. Alisikiliza, akauliza wanatumia makaa ya mti gani. Nikamwambia ni ya msonobari. Akatikisa kichwa, akasema yanawaka kwa nguvu lakini yanaisha mbio.

Halafu akanipa jina lake, na la mwalimu wake, na la mwalimu wa mwalimu wake. Yote matatu nimeyaandika, na juma lijalo, akikubali, mtayasikia kwenye redio kwa sauti yake mwenyewe.